Kaunti imenikatalia kubadilisha matumizi ya ploti: jaji anaweza kunipa kibali?

Fundi Msumeno (mleta uzi)

Salaam aleikum wanajamvi.

Nina ploti ya futi 50 kwa 100, kaunti moja ya Pwani ya Kenya, nimeinunua kwa jasho la randa. Hati inasema matumizi ni makazi. Mimi ni seremala. Nataka chini niweke karakana na duka la kuonyeshea milango, juu vyumba viwili vya kupangisha. Nikatafuta mpangaji miji aliyesajiliwa akaniandikia ripoti, tangazo likatoka gazetini, bango likasimamishwa kwenye ploti (mbuzi wa jirani wamelifanya mahali pa kujikunia), na faili nikalipeleka kaunti tarehe 8 Januari.

Jibu nimelipata juzi. Barua ya mistari mitatu. Wa kwanza unanisalimia. Wa pili unasema ombi langu halikukubaliwa kwa kuwa haliambatani na hali ya eneo. Wa tatu unanishukuru. Hali gani ya eneo? Kushoto kwangu kuna fundi wa kuchomelea, mbele mashine ya kusaga, kwenye kona duka la simiti. Chuma kinachomelewa hadi isha, lakini mlango wa mbambakofi ndio umeonekana balaa?

Sasa nataka kwenda mahakamani jaji anipe kibali changu. Kuna aliyewahi kupita njia hii?

Kiberiti

Pole kaka. Ungepitia mlango wa nyuma kama wenzako usingekuwa unaandika uzi leo.

Fundi Msumeno

Mimi hutengeneza milango ya mbele tu.

Karani wa Zamani

Fundi, nimekaa kwenye rejista ya mahakama miaka mingi nikipokea majalada ya watu wenye hasira kama yako. Nikwambie mapema ili usiuze msumeno ulipe wakili kwa ndoto: jaji hatakupa kibali.

Kibali ni cha kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi, Na. 13 ya 2019, imeipa kaunti kazi hiyo, na jaji hakai pale kama afisa mipango wa pili. Ukienda kwa njia ya mapitio ya mahakama, haulizwi kama karakana yako ni jambo zuri. Anaangalia namna uamuzi ulivyofanywa. Aliyekukataa alikuwa na mamlaka ya kukukataa? Alifuata utaratibu, akakusikiliza, akatoa sababu? Na uamuzi wenyewe, je, ni wa mtu mwenye akili timamu, au ni wa kustaajabisha kiasi kwamba hakuna mamlaka yoyote yenye busara ingeufikia? Mahakama zetu hupenda kunukuu kesi ya Uganda ya 2008, Pastoli dhidi ya serikali ya mtaa ya wilaya ya Kabale, ambayo imeyapanga mambo hayo matatu vizuri.

Lile la tatu ndilo wateja wetu walilolipenda kuliko yote, na ndilo lililowaangusha zaidi. Asili yake ni Uingereza, mji wa Wednesbury. Halmashauri ilimruhusu mwenye sinema kufungua Jumapili, kwa sharti kwamba watoto chini ya miaka 15 wasiingie hata wakiwa na wazazi wao. Mwenye sinema akaona huo ni upuuzi, akashtaki. Novemba 1947 akashindwa. Majaji hawakusema sharti ni zuri. Walisema halmashauri ilikuwa na uwezo wa kuliweka, na halikuwa la kichaa. Basi. Uamuzi unaweza kukuudhi, unaweza hata kuwa mbovu kidogo, na bado ukasimama.

Na ukishinda? Jaji hufuta ile barua na kukurudisha kaunta ileile uliyotoka, ombi lako lifikiriwe upya. Wengi hawalijui hilo. Wanatoka kortini wakishangilia, halafu wanakutana na karani yuleyule na kalamu ileile.

Halafu, kabla hujamwona jaji, kuna kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango. Kifungu cha 61 cha sheria hiyo ya 2019 kinakupa siku 14 tangu uamuzi. Ukishindwa huko ndipo unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukiruka kamati, wakili wa kaunti atasimama siku ya kwanza na kusema umekuja mlango usio wako, na atataja kesi ya Karume ya 1992: sheria ikishaweka njia ya kulalamika, pita njia hiyo. Nimeona majalada manene yakitupwa nje kwa hoja hiyo moja kabla hata ramani haijafunguliwa.

Swali langu: barua ina tarehe gani?

Fundi Msumeno

Mzee, hapo ndipo nilipotoka jasho. Barua imeandikwa tarehe 3 Machi. Mimi nimeipata tarehe 19 Machi, tena kwa kwenda mwenyewe kuuliza. Ilikuwa kwenye trei chini ya kikombe cha chai, hata duara la kikombe liko juu ya muhuri. Siku 14 kutoka tarehe 3 ni tarehe 17. Kwa hiyo rufaa yangu ilikufa siku mbili kabla sijajua kwamba nimekataliwa?

Karani wa Zamani

Ulitia sahihi mahali ulipoipokea?

Fundi Msumeno

Ndiyo, kuna daftari jeusi la kupokelea barua. Nimeandika jina, tarehe na saa.

Karani wa Zamani

Kesho asubuhi nenda ukaombe nakala ya ukurasa huo. Usiombe kwa ukali. Ukikataliwa, piga picha. Ukurasa huo una thamani kuliko ripoti yote ya mpangaji wako. Halafu wiki hiihii peleka rufaa, na ndani yake uombe muda uhesabiwe tangu ulipopata barua, maana mtu hawezi kukata rufaa juu ya uamuzi ambao hajauona. Watakataa au watakubali, lakini utakuwa umegonga mlango.

Kinda la Sheria

Kwa heshima zote Mzee Karani, hayo ya Wednesbury yamepitwa. Tuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na wenye mamlaka, tena kwa haraka, na kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria yake mwaka 2015. Na 2023 Mahakama ya Juu, kesi ya Dande, ilisema mtu akija kwa ombi la kikatiba mahakama inaweza kuingia kwenye kiini cha jambo, sio kuangalia utaratibu peke yake. Fundi afungue ombi la kikatiba, aseme mali yake imeingiliwa. Jaji atapima mwenyewe.

Karani wa Zamani

Kinda, umesoma na nakupongeza. Lakini soma na upande wa pili. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa, kesi ya Suchan, ilikubali kwamba sheria ya 2015 imefungua dirisha la kuangalia kiini, kisha ikasema dirisha hilo halimfanyi jaji avae kofia ya ofisa na kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa kwanza. Anapima, akiona kombo anarudisha. Hata hiyo Dande yenyewe haikusema jaji atoe vibali vya ujenzi.

Ila umenikumbusha jambo zuri. Sheria hiyo ya 2015, kifungu cha 6: ukiomba sababu za uamuzi na ofisa asikupe, mahakama itachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka athibitishe vinginevyo. Fundi, andika barua leo uombe sababu. Mstari mmoja wa "hali ya eneo" ni sababu kwa jina tu.

Kipimo

Mimi ni mpangaji miji, niliwahi kufanya kazi ndani ya ofisi ya kaunti, si hiyo yenu. Acheni niwaonyeshe faili linavyoonekana kutoka ng'ambo ya kaunta.

Linakuja jalada. Ndani kuna nakala ya hati, risiti za kodi ya ardhi, ramani ya mahali, michoro, kurasa za gazeti, picha ya bango na ripoti ya mpangaji. Ofisa anaanza na ripoti. Sasa hapa ndugu zangu mafundi mnaumizwa na watu wa taaluma yangu mwenyewe. Nimewahi kusoma ripoti ya ploti iliyo mita chache kutoka baharini, ikieleza kwamba "eneo hili lina baridi kali na mashamba ya chai". Mtu amenakili ya Limuru akabadilisha jina la mteja. Ripoti kama hiyo hata ombi likiwa zuri linanuka.

Kisha linazungushwa: barabara, maji, afya ya jamii, zimamoto. Kwa karakana ya mbao mimi mwenyewe ningeuliza mambo manne. Lori la mbao litageuka wapi? Maranda na unga wa msumeno unakwenda wapi, maana unga huo ukiwa hewani unashika moto kama petroli? Msumeno unazimwa saa ngapi? Na wale wapangaji wa vyumba viwili vya juu wanateremka kwa ngazi gani moto ukiwaka chini? Fundi, hili la mwisho ulilijibu kwenye michoro?

Jambo jingine. Watu huchanganya kubadilisha matumizi na kuomba kulegezewa masharti. La kwanza ni kutoka makazi kwenda biashara. La pili, matumizi ni yaleyale ila unaomba, kwa mfano, ujenge karibu na mpaka kuliko inavyoruhusiwa kwa sababu ploti yako ina umbo la kabari. Ushahidi wake ni tofauti. Kwenye kulegezewa unaonyesha ardhi yako ina shida isiyo ya kujitakia. Kwenye kubadilisha unaonyesha mtaa unaweza kuibeba biashara yako. Fundi kaomba la kwanza, lakini malalamiko yake humu yote ni ya la pili: "naonewa".

Fundi Msumeno

Ngazi iko moja, ya ndani. Inapita karakana. Hapo sina la kusema.

Lakini Kipimo, haya yote wangeniandikia ningeyarekebisha! Mbona hawakuandika?

Kipimo

Kwa sababu kuandika mistari mitatu ni dakika tano, na kuandika kurasa mbili ni kujifunga. Sababu uliyoiandika ndiyo utakayoulizwa kortini. Ni uvivu uliochanganyika na woga, na siutetei.

Bi Mwanasha

Nimesoma uzi wote nikinyamaza, sasa niseme, maana kila mtu humu ni upande wa mwombaji.

Mimi ni yule jirani. Si wako Fundi, mtaa mwingine kabisa. Nilijenga nyumba 1998 mtaa wa makazi, kwa kuwa hati zote zilisema makazi. Akaja wa kwanza na duka, sikusema kitu, nilifurahi hata chumvi iko karibu. Akaja wa pili na gereji. Wa tatu akafungua baa. Kila mmoja aliponyooshewa kidole alimwonyesha mwenzake: "mbona yule?" Siku hizi mwanangu anafanyia kazi za shule chooni, ndicho chumba pekee kisicho na dirisha la barabarani.

Hao majirani zako, fundi wa kuchomelea na mashine ya kusaga, umewauliza kama wana kibali? Wengi hawakuomba hata siku moja. Wewe umeomba, una heshima yako. Lakini hoja ya "mbona yule" usiipeleke kwa jaji, ataiona kama mwizi anayelalamika kwamba wenzake hawajakamatwa. Samahani kwa mfano, wewe si mwizi.

Na bango la ploti si la mbuzi. Lile bango ni langu mimi jirani. Ndiyo nafasi pekee ninayopewa kusoma kinachokuja na kuandika pingamizi. Likiangushwa na mbuzi, mimi ndiye niliyezibwa mdomo.

Fundi Msumeno

Bi Mwanasha, nimekusikia na mfano nimeumeza. Msumeno wangu ningeuzima saa kumi na mbili jioni, naapa. Lakini wallahi nikipita pale nikaona yule anachomelea bila karatasi hata moja, na mimi mwenye faili la kurasa tisini nimekaa nyumbani, roho inaniuma.

Kiberiti

Ndiyo maana nasema anza kujenga usiku. Watu wanahamia kabla rangi haijakauka, halafu nani atabomoa?

Kipimo

Kiberiti, kujenga bila kibali ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 57 cha sheria ya 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Na notisi ya kubomoa haisubiri rangi ikauke. Ukitaka kumshauri mtu, mshauri na mahali pa kulala.

Msimbazi

Wakuu, huku Tanzania njia yetu ina kikwazo kingine. Mapitio ya mahakama kwetu yanaanza kwa kuomba ruhusa ya kuomba. Kanuni za 2014 zinakupa miezi 6 tangu uamuzi utoke uwe umeomba ruhusa Mahakama Kuu. Ukishapewa, una siku 14 tu za kuleta maombi yenyewe. Shemeji yangu alipewa ruhusa Ijumaa, akaenda kijijini kwenye arobaini ya mjomba, akarudi siku ya kumi na saba. Kwisha habari. Ruhusa ameifremu sebuleni.

Na ukiamua kuishtaki halmashauri kwa kesi ya kawaida, kuna notisi ya siku 90 kwanza, na tangu mabadiliko ya 2020 lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo kabla hujafika kwa jaji umeshazeeka mwaka.

Mnyamwezi wa Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Niwape kisa cha huku nilipo, maana mto wenyewe nauvuka nikienda kazini. St. Croix ndio mpaka wa Minnesota na Wisconsin, na umewekewa masharti makali ya ujenzi kwenye kingo.

Upande wa Wisconsin kulikuwa na familia, kesi yao inaitwa Murr. Wazazi walinunua kiwanja F mwaka 1960, kiwanja E kilichopakana nacho 1963. Kimoja kikaandikwa kwa jina la kampuni ya familia, kingine kwa majina yao. Miaka ya 1970 yakaja masharti: kiwanja kisichofikisha ekari moja ya kujengeka hakijengwi wala kuuzwa peke yake ikiwa kimepakana na kingine cha mwenye uleule. Kila kiwanja kilikuwa na ekari 1.25, lakini katikati kuna mteremko mkali kama ukuta. Ukitoa mteremko na sehemu ya maji, viwanja vyote viwili kwa pamoja vinabaki na ekari 0.98. Watoto wakarithishwa kimoja 1994, cha pili 1995. Hapo ndipo mtego ukafunga: vikaangukia mikono ileile.

Watoto wakataka kuuza E wapate pesa za kukarabati nyumba iliyoko F. Wakaomba kulegezewa masharti. Kaunti ya St. Croix ikakataa. Mahakama ya rufaa ya jimbo, 2011, ikasema kaunti haikukosea. Wakabadilisha hoja: basi tulipeni fidia, mmetunyang'anya kiwanja E bila kukigusa. Kikihesabiwa peke yake na hakijengeki, kilithaminiwa dola 40,000. Lakini mahakama zikasema viwanja hivi ni mali moja, na mali yote kwa jumla ilikuwa imepoteza chini ya asilimia 10 ya thamani. Ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 23 Juni 2017, majaji 5 kwa 3, wakashindwa.

Utamu uko hapa. Novemba mwaka huohuo bunge la Wisconsin likatunga sheria iliyowaruhusu watu kama wao kuuza na kujenga viwanja vya zamani vilivyokuwa halali vilipopimwa. Walichonyimwa na ngazi zote za mahakama, wakakipata bungeni kwa miezi mitano.

Kinda la Sheria

Kwa hiyo Fundi agombee udiwani?

Mnyamwezi wa Minnesota

Sijasema hivyo, ila kaunti ikiandaa mpango mpya wa eneo lake, akae kiti cha mbele. Mtaa ukishapakwa rangi ya biashara kwenye ramani, ombi lake linakuwa jepesi.

Kinda la Sheria

Jamani, nimepata kitu kikubwa! Kifungu cha 58 cha sheria ya 2019 kinasema mwombaji asipopokea jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Fundi alipeleka faili 8 Januari. Siku ya 60 ni tarehe 9 Machi. Jibu kalipokea tarehe 19, siku ya 70! Sheria inasema "kupokea", haisemi "kuandika". Kikombe cha chai kimempa kibali!

Fundi Msumeno

Allahu akbar. Niagize mawe?

Karani wa Zamani

Usiagize hata kokoto moja. Hoja ni nzuri na iwekwe kwenye jalada, lakini kaunti nayo inajua kuhesabu. Itasema saa haianzi kugonga mpaka ombi likamilike. Ulilipa ada siku gani?

Fundi Msumeno

...Tarehe 29 Januari. Nilikuwa nasubiri mteja anilipe makabati.

Karani wa Zamani

Basi jiandae kusikia tarehe 30 Machi.

*(uzi ulikaa kimya kwa muda mrefu)*

Fundi Msumeno

Wanajamvi, naufufua uzi baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Waliokuwa wakiniuliza kwa ujumbe wa siri wanisamehe, wakili alinikataza kuandika.

Ilikuwa hivi. Rufaa niliipeleka tarehe 26 Machi, na nakala ya daftari jeusi ndani. Baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa barua kwamba kamati ya rufaa "haijateuliwa kwa sasa". Wakili wangu aliisoma mara mbili, akacheka, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki kama hirizi. Mzee Karani utaelewa. Kaunti ilipokuja kusema nimeruka kamati, yeye akaitoa. Sheria ya 2015 inamruhusu jaji kumwondolea mtu sharti la kumaliza njia za ndani pakiwa na sababu ya kipekee, na jaji akasema kamati isiyokuwapo haiwezi kumalizwa.

Barua yangu ya kuomba sababu haikujibiwa kabisa. Kortini ndipo ofisa akaleta hati ya kiapo yenye sababu sita: lori, moto, kelele, ngazi, maegesho, upana wa barabara. Jaji akauliza kwa nini sababu hizo zilizaliwa baada ya kesi. Hakukuwa na jibu. Siku 60 nilishindwa, palepale aliposema Mzee: saa ilianza tarehe 29 Januari. Hoja ya majirani jaji aliigusa kwa sentensi moja, kwamba hayuko hapo kuwapima wasiokuwa mbele yake. Bi Mwanasha nilikukumbuka.

Uamuzi: barua ya mistari mitatu imefutwa. Kaunti iamue upya ndani ya siku 45, na sababu ziandikwe. Kila upande ubebe gharama zake. Za kwangu zimezidi bei ya msumeno mpya wa meza na randa ya umeme juu yake.

Nikarudi kaunta ileile. Karani yuleyule. Hata trei ni ileile.

Siku ya 41 wakanijibu. Wamekataa tena.

Kiberiti

😂 Nilisema mimi.

Fundi Msumeno

Ngoja Kiberiti. Safari hii ni kurasa tatu. Karakana ya misumeno chini ya vyumba vya kulala hapana, na wametaja ngazi, unga wa mbao na lori kwa vipimo. Lakini ukurasa wa mwisho wanasema duka la kuonyeshea na kuuza milango, bila mashine, likiwa na ngazi ya nje na nafasi ya gari mbili, "linaweza kufikiriwa". Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikachukua penseli.

Kipimo

Barua hiyo ndiyo uliyostahili kupata Machi ya kwanza. Karakana utaweka wapi?

Fundi Msumeno

Nimepanga kibanda upande wa viwanda vidogo, nyuma ya wauza vyuma chakavu. Kodi inaniuma ila huko nikiwasha msumeno alfajiri hakuna anayeamka. Michoro mipya ina ngazi ya nje, na ripoti nimeisoma mwenyewe neno kwa neno. Hakuna chai ya Limuru.

Bi Mwanasha

Duka la milango bila msumeno hata mimi ningelipitisha. Bango umesimamisha?

Fundi Msumeno

Jumatatu, Bi Mwanasha. Safari hii si la mbao za mabanzi, ni mbambakofi, nguzo futi mbili ndani ya ardhi, maandishi nimechonga kisha nikapaka rangi nyeupe. Ada nimelipa asubuhi ileile niliyowasilisha faili, na risiti nimeipiga picha pamoja na muhuri wa kupokelewa, tarehe inasomeka. Nikitoka pale nikapitia ploti. Mbuzi walikuwa wameshafika, wanalikagua.